Mgonjwa Aliyepandishwa Bibokoboko

"Papa Placide, tafadhali. Nimeuliza kitu moja tu: mara ya mwisho uliona elisi yako siku gani?"

"Niko nafika pale, Brigadia. Sasa, ile ndege ilikuwa ya mbao na nguo..."

"Siku gani, Papa?"

"Nguo, Brigadia! Nguo kama shati yako! Bazungu banaipaka dawa yenye kunuka sana, inakauka, inakuwa ngumu kama ngozi ya ngoma. Ukigonga na kidole inasema tum. Na ndani ya ile nguo mutu anakaa, anaenda kupiga vita."

Brigadia Anatole alifumba macho. Alikuwa ameshuka Baraka jana yake kutoka Fizi, akisukuma baiskeli ya serikali, kwa kesi ambayo kwa maneno ya mkubwa wake ilikuwa nyepesi kama unyoya: mzee mmoja ameibiwa kipande cha mbao. Hakuna aliyemwonya kuhusu mzee mwenyewe.

Kipande hicho kilikuwa elisi, yaani lile bawa la mbao linalozunguka puani mwa ndege. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia Wabelgiji walileta ndege za maji katika ziwa, na Placide, kijana wa Kibembe mwenye mabega mapana, alikuwa mmoja wa wale walioingia majini kuzisukuma. Ndege moja ilipovunjika, elisi yake ilibaki ufukweni na Placide akapewa. Tangu hapo, kwa miaka arobaini, ilitundikwa ukutani mwa sebule yake, ndefu kuliko kitanda cha mwenye nyumba, ikisuguliwa kwa mawese kila Jumamosi. Sasa ukutani palibaki vigingi viwili na alama ndefu isiyo na moshi.

"Kaa basi, Brigadia. Kaa pale, ni kiti ya bakubwa."

"Usikae pale!" Mama Florentine, mke wa Placide, alitokea mlangoni na kigoda mkononi. "Kaa hapa. Ile iko na kunguni."

"Kunguni wapi?" Placide alishangaa. "Kiti ya muzuri vile?"

Anatole alitazama kigoda, akatazama kiti, akakumbuka kwamba yeye ni serikali. Akakaa kwenye kiti. Kilikuwa kimewambwa ngozi ya ng'ombe, ya rangi ya kahawia iliyokaribia wekundu, na mbele palikuwa na baka jeupe lenye umbo la kiganja. Alipoketi, vidole vile vyeupe vilichungulia katikati ya mapaja yake, kana kwamba kuna mtu chini aliyemshika. Mama Florentine aliangalia pembeni.

Maswali yaliendelea, na majibu yalipatikana kwa kuchimbwa. Elisi ilipotea Jumanne. Placide alikuwa bandarini. Mama Florentine alibaki nyumbani na homa, akalala, hakusikia kitu. Elisi isingeweza kupita mlangoni bila kugonga ukuta wa jikoni, kwa hiyo ilipitishwa dirishani. Anatole aliinuka kukagua dirisha. Komeo halikuvunjwa. Lilikuwa limefunguliwa kutoka ndani.

"Mama, hii komeo munafunga?"

"Siku zingine," alisema Mama Florentine. "Zingine tunasahau."

"Mwizi ninamujua," alisema Placide. "Ni Henri, fundi wa mitumbwi. Alisema mbele ya batu kwamba elisi yangu inafaa kuwa ubao wa kukalia wavuvi! Elisi yenye ilipiga upepo wa vita, ikaliwe na matako ya wavuvi! Tena mwaka ule wa sherehe ya ndege kule Albertville..."

"Papa."

"...ndege yenye mabawa mawili, moja juu, moja chini, ilipita karibu na majani. Rubani alikuwa natupa mifuko ya unga, ianguke ndani ya duara. Mufuko moja ukamuangukia karani wa posta. Brigadia, alikuwa mweupe toka kichwa mpaka viatu. Batu bakamusalimia 'Bonjour, monsieur', kama muzungu, mpaka mangaribi. Hata kesho yake hakutaka kuoga!"

Anatole alijiuma mdomo asicheke.

"Mambo ni hii," alisema mzee kwa sauti nyingine. "Klabu ya ndege ya Albertville iko nafanya sherehe tena. Waliniita mimi na elisi, nisimame karibu yake, nielezee batu. Na baadaye banipandishe ndege. Bila elisi, walisema, hakuna nafasi. Mashua inaondoka Jumamosi asubuhi." Alitazama vigingi vitupu. "Miaka ile hatukutaka viatu vya marubani vilowe, tuliwabeba. Hapa, ku mabega. Niliwabeba mpaka ndani ya ndege, nikarudi na miguu ndani ya maji. Sasa na wao banibebe, mara moja tu. Nisikufe na kuangalia chini ya mabawa peke yake."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Henri alikuwa katika kasho, mahabusu ya Baraka, alikofungiwa kwa shitaka la Placide, amekaa juu ya mkeka wake mwenyewe, anakula. Mbele yake palikuwa na bugali, ndagala, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga, na bakuli la sombe, majani ya muhogo. Anatole, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekula ndizi moja, aliona haki imekaa vibaya.

"Shikamoo, Brigadia. Karibu bugali."

"Mufungwa hakaribishi polisi." Anatole alitoa mfukoni takataka za mbao alizookota karakanani kwa Henri. "Hii ni ya mbao gani?"

"Nusa mwenyewe. Muvule. Ile elisi haiko mbao moja, ni vipande vyembamba vimebandikwa na gundi, kimoja juu ya kingine. Ukiipiga tezo inaachana yote. Fundi mwenye akili haibi kitu kama ile."

"Ulisema inafaa ubao wa mutumbwi."

"Nilisema vile juu ya kumukasirisha. Placide akikasirika anaacha hadithi ya karani wa posta. Miaka ngapi nimesikia ile unga ikianguka!"

Anatole alikuwa amekwisha kuona elisi yenyewe katika picha ya harusi ya mzee, tabaka zake zikiwa wazi kama mistari ya kitunguu. Fundi alisema kweli. Akageuka kuondoka, kisha akarudi.

"Nani amekuletea hii chakula?"

"Mama Florentine. Asubuhi na mangaribi. Leo alilia kidogo, akaniongezea ndagala."

"Bibi ya mutu mwenye kukushitaki? Juu ya nini?"

Henri aliacha kutafuna. Alitazama bakuli, akamtazama Brigadia.

"Mi niko fundi wa mitumbwi," alisema. "Nikianza kuuliza, atapunguza ndagala."

Dirisha lililofunguliwa kutoka ndani. Homa isiyosikia kitu. Mke anayemlisha mshitakiwa. Anatole aliweka mambo hayo pembeni na kufanya kazi ya kawaida: kitu kirefu kuliko kitanda hakitoki Baraka bila kuonekana. Bandarini waliapa hakikupita. Kwenye barabara ya Fizi, hakuna. Ikabaki njia ya mlimani, na pale, mahali nyumba zinapokwisha, aliishi Mama Émilienne, mkuu wa maombi wa kanisa la Waprotestanti, ambaye hakuna kitu kilichopita kwake bila kuombewa.

"Kitu murefu? Jumanne?" Mama Émilienne alifikiri. "Hapana. Ni mugonjwa tu alipita."

"Mugonjwa gani?"

"Wa ku kipoyi. Bwanaume bane ba kwa Kayumba, wa Bibokoboko, walimubeba, amefunikwa na mikeka na nguo nyeupe. Masikini! Murefu sana, miguu ilipita mwisho wa kipoyi. Nilisema, simameni, asipite bure. Nikamuwekea mukono ku kichwa."

"Kichwa ilikuwa aje?"

"Baridi. Na ngumu."

"Ngumu?"

"Ngumu sana. Nikagusa na miguu: ngumu vilevile. Nikaambia babebaji, ndugu zangu, mupige mbio, huyu amekaribia. Niliomba mpaka jasho. Nikabapa mayai ya kumupikia."

"Babebaji walisema nini?"

"Walisema amina. Lakini moja alikuwa nakohoa kama mutu anazuia kucheka. Uchungu inafanya batu vile."

Anatole aliegemea baiskeli yake. Njia ile aliijua. Wagonjwa wa milimani hubebwa kwa kipoyi, machela ya miti, kushuka Baraka, kwa sababu dispensere iko Baraka. Huyu alikuwa akipanda.

"Mama, nyuma ya kipoyi kulikuwa bamama? Dada, bibi, mutu mwenye sufuria?"

"Hapana. Bwanaume peke yao." Mama Émilienne alianza kusema kitu kingine, akaacha mdomo wazi. Mgonjwa asiye na mwanamke nyuma yake, wala sufuria, wala mkeka wa kulalia! "Brigadia. Nimeombea nini?"

"Nitakujulisha," alisema Anatole, akaushika mlima.

Alisukuma baiskeli mpaka Bibokoboko, kijiji cha wafugaji juu mlimani. Kijiji chote kilitoka kumtazama. Kayumba mwenyewe, mfugaji aliyeheshimiwa pande zote, alimpokea mlangoni. Alikuwa mfupi kuliko Brigadia, na adabu yake ilikuwa ndefu sana: habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za barabara.

"Na hii baiskeli, inakupanda wewe ao wewe unaipanda?"

"Ni ya serikali," alisema Anatole, kwa namna iliyofunga mazungumzo.

Ndani hakuhitaji kupekua. Elisi ilikuwa imelazwa juu ya mkeka mpya, kando ya vyombo vya maziwa, imepakwa siagi kutoka ncha mpaka ncha. Iling'aa kama bibi harusi. Nyiramana, mke wa Kayumba, alikuwa akiifukuzia inzi.

"Hii ni kitu ya wizi," alisema Anatole.

"Ni kitu ya zawadi," alijibu Kayumba bila kukasirika. "Nilipewa kwa mikono miwili na Mama Florentine. Kaa, Brigadia, nikuelezee. Mimi na Placide ni barafiki. Wakati fulani nilimupa mutamba, ng'ombe jike hajazaa bado. Kwetu ukimupa mutu ng'ombe, umemupa urafiki yote. Ikizaa, siku moja anakurudishia ndama, na urafiki inaendelea. Basi, tunangojea."

"Kila siku ya soko namuuliza Florentine," alisema Nyiramana, "mutamba wetu iko aje? Anasema iko muzuri, inawasalimia. Nilituma chumvi. Nilituma siagi ya kumupaka pembe."

"Mwezi huu nikatuma habari kwamba nitashuka kuona ndama. Mama Florentine akaniita yeye mwenyewe. Akasema, mutamba hajazaa, lakini musikae mikono mitupu. Chukueni kitu yenye mume wangu anapenda kuliko yote, mpaka ndama ipatikane. Sikutaka. Alilia. Placide anaita hii elisi 'ng'ombe yangu', kila mutu amesikia. Nikasema, kama ni ng'ombe, haitembei uchi njiani. Tukaifunika, tukaibeba kwa heshima."

"Na maombi ya Mama Émilienne?"

"Tulipokea pia," alisema Kayumba. "Na mayai."

Anatole aliuliza swali lake la mwisho kwa utaratibu.

"Huyo mutamba, alikuwa wa rangi gani?"

Uso wa Kayumba ulifunguka. "Bihogo! Kahawia ya kukaribia nyekundu. Na hapa ubavuni, alama nyeupe, kama mukono ya mutu. Vidole vitano. Brigadia, we ulikuwa kwa Placide. Ulimuona? Iko aje?"

Brigadia Anatole alihisi vidole vitano vyeupe kwenye paja lake.

"Nilimuona," alisema polepole. "Nilikuwa naye karibu sana. Papa Kayumba, nafikiri ushuke umuone wewe mwenyewe. Na uje na elisi."

Walishuka Ijumaa, kipoyi mbele, Kayumba nyuma yake na fimbo, baiskeli mwisho. Njiani Anatole alimweleza Kayumba habari za Albertville na mashua ya Jumamosi. Kayumba alisikiliza, akasema tu kwamba kitu kilichopewa mtu ni chake. Anatole alielewa. Sheria ilikuwa upande wa mfugaji: mke wa nyumba alitoa, mgeni alipokea. Placide angeipata elisi kwa hiari ya Kayumba au asingeipata, na Kayumba alikuwa bado hajaona kiti.

Walipoingia, Placide alipiga kelele ya furaha na kuikumbatia elisi mpaka siagi ikamjaa mashavuni. Mama Florentine alikuwa amesimama mbele ya kiti, kanga yake ameitandaza kwa mikono miwili kama nguo kwenye kamba.

"Mama," alisema Anatole kwa upole, "sogea."

Akasogea. Kayumba alipiga goti, akaweka mkono wake juu ya ule mkono mweupe wa ngozi, kidole juu ya kidole. Akaanza kutaja, kwa lugha yake, majina ya sifa ya yule mtamba, taratibu, mpaka akayamaliza.

"Placide," alisema bila kugeuka. "Ulimufanya nini ng'ombe yangu?"

Watu wa mtaa waliokuwa wamejaa dirishani walingoja. Placide alianza kufuta siagi mashavuni.

"Tulimukula," alisema Mama Florentine, na machozi yakashuka.

"Hapana, sisi tulikula mifupa," alisema Placide. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kayumba, ndugu yangu, usikie. Siku moja ndege ya maji ilishuka hapa Baraka. Ya kweli, ndani ya ziwa, mbele ya nyumba yangu! Rubani alitaka kupumzika. Nikasema, Mungu amemuleta. Nikimukaribisha muzuri, atanipandisha. Samaki anakula kila siku, nitamupa nini? Nikamuchinjia Bihogo. Alikula maini. Alikula paja. Alilala. Akaamuka, akasema asante sana, akaenda zake. Nilisukuma ndege yake na mikono hii, nikabaki ndani ya maji."

Kayumba alisimama. Alikuwa mfupi, lakini chumba kilirudi nyuma. Anatole alijiweka kati ya wanaume wawili, kama kazi inavyotaka.

"Alikula ng'ombe yangu," alisema Kayumba, "na hakukupandisha?"

"Hapana."

"Hata kidogo? Hata juu ya miti?"

"Hata juu ya mutumbwi."

"Brigadia!" Kayumba aligeuka, fimbo juu. "Mwizi ni ule rubani! Umupate! Mutu anakula ng'ombe ya urafiki, maini na paja, anaondoka na asante? Ni mutu ya wapi? Hana mama?"

"Papa Kayumba, sina njia ya kumufunga..."

"Basi, mi nakata kesi. Ile ng'ombe ililipa safari ya ndege ya Placide. Ililipa yote, na pembe zake. Kwa hiyo Placide atapanda." Akaisukuma elisi kwa ncha ya fimbo kuelekea kwa mwenyewe. "Enda nayo. Urudi nayo. Ni ndama yangu, nakuazima. Na ukikuwa juu, uangalie kwetu. Nitatoa ng'ombe zote inje zikuone."

"Bibokoboko iko mbali sana na Albertville," alisema Anatole.

"Ndege iko na mabawa, Brigadia. Haisukumwi na mukono kama vyombo vya batu wengine."

Dirisha zima lilicheka. Henri, aliyefunguliwa mara tu elisi ilipoonekana Baraka na kuja moja kwa moja kudai radhi, alicheka kuliko wote, mpaka Placide alipomshika bega kumwomba msamaha na, katika kuomba, akaanza kumweleza habari za unga na karani wa posta. Henri aliuliza kama kasho bado liko wazi.

"Lakini Bihogo," alisema Kayumba, akikishika kile kiti, "anarudi nyumbani."

Jumamosi asubuhi mashua iliondoka. Placide alikuwa amekaa mbele kabisa, mkono mmoja umekumbatia elisi iliyonuka siagi, mwingine ukionyesha abiria mahali pale pale majini alipokuwa akisimama zamani. Alikuwa na hadithi mpya, ya ng'ombe, na mashua haikuwa na mlango wa kutokea. Anatole alisimama ufukweni mpaka sauti ya mzee iliposhindwa na injini.

Kisha akasukuma baiskeli kufuata njia ya mlimani, maana utaratibu unataka kesi isindikizwe mpaka mwisho. Watu wa Kayumba walikuwa wamebeba kipoyi chao mabegani, na juu yake, chini ya mikeka na nguo nyeupe, kulikuwa na kitu kifupi chenye miguu minne. Nyuma alitembea Mama Florentine, kichwa chini, na sufuria mkononi. Alikuwa anaenda kumwona Nyiramana, kusema mwenyewe.

Mahali nyumba zinapokwisha, Mama Émilienne alitoka nje akifuta mikono. Alitazama kipoyi kwa wasiwasi mkubwa. Alitazama nyuma yake, akaona mwanamke, akaona sufuria, na uso wake ukatulia.

"Huyu ni mugonjwa wa kweli," alisema. "Simameni."

Akaweka mkono juu ya nguo nyeupe na kuanza kuomba, kwa nguvu, kwamba huyu ndugu ainuke atembee kwa miguu yake. Wabebaji wakatazama chini. Mama Florentine alilia kwa sauti sasa, kama inavyofaa. Brigadia Anatole alifikiri kusema ukweli, akaona umechelewa. Alivua kofia yake ya kazi, akaegemeza baiskeli, na maombi yalipokwisha akasema amina, kwa moyo wote. Safari hii, angalau, marehemu alikuwepo.